Ladha za Kijapani: zipi za kupika nyumbani, zipi za kufuata Japani

Kwetu pwani wali ulioshikana ni aibu ya mpishi. Mgeni akiinua kijiko punje zikaja kwa bonge, mwenye nyumba hutazama pembeni, na jioni mtaa mzima umeshajua kuwa fulani kapika mashendea. Kwa hiyo usiku wangu wa kwanza Osaka, nilipowekewa bakuli la wali mweupe, hauna nazi, hauna hiliki, hauna hata chumvi, tena umeng'ang'aniana, nilimhurumia aliyeupika. Nikaja kuelewa baada ya siku kadhaa za kuhangaika na vijiti: wali wa kuchambuka usingefika mdomoni. Ule ulipikwa ushikane.

Nilikaa kule wiki nane kwa mafunzo ya kazi, kuanzia Septemba. Tangu nirudi, ndugu na marafiki wananiuliza swali lilelile: mtu akitaka kukijua chakula cha Kijapani, aanze kupika nyumbani au akusanye nauli? Mimi huwauliza: chakula kipi? Maana wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunanunua karatasi za mwani na mkeka wa mianzi, tunajaribu sushi jikoni, inatoka vibaya, tunahitimisha kwamba mambo ya Wajapani ni ya Wajapani. Kumbe sushi ndiyo ya kungojea safari. Chakula chao cha kila siku, kile mama anachowapikia watoto kabla ya shule, kimejaa vitu tunavyovijua: dagaa, majimbi, biringani, boga, vibua, pweza, ufuta. Hicho unaweza kuanza nacho kesho asubuhi.

Supu: nyumbani, bila ubishi

Mlo wa kawaida wa Kijapani una jina lake, ichiju sansai, yaani supu moja na vitoweo vitatu. Wali hautajwi kwa sababu hakuna anayefikiria kuwa utakosekana. UNESCO ilipoandikisha washoku, mapokeo ya chakula cha Wajapani, kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika Desemba 2013, haikuandikisha sushi wala chakula kingine kimoja. Iliandikisha desturi nzima ya mlo: kufuata majira, kupanga vyombo, kukutana kula Mwaka Mpya.

Na chini ya mlo huo wote kuna maji ya supu yaitwayo dashi. Yaliyo maarufu zaidi hutokana na vitu viwili: kombu, mwani mpana mweusi wa bahari ya baridi ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, na katsuobushi, jodari mdogo anayechemshwa, kufukizwa moshi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama kipande cha mti, kisha akaparuzwa kama mbao kwenye randa. Mwaka 1908 profesa wa kemia wa Tokyo, Ikeda Kikunae, aliichunguza kombu akapata kile kinachoifanya supu ijae mdomoni, akakiita umami.

Ila nyumba nyingi hazipiki kwa katsuobushi kila siku. Hupika kwa niboshi, ambao upande wa magharibi huitwa iriko. Niliponunuliwa pakiti ya kwanza na mama niliyepanga kwake, nilicheka. Walikuwa dagaa! Dagaa wa baharini, waliochemshwa kwanza ndipo wakaanikwa, sawasawa na wanavyofanya wachemshaji wa dagaa mchele Unguja kwenye masufuria yao makubwa ufukweni. Sisi tunawakaanga na nyanya na kitunguu, wao wanawakamulia supu.

Basi fanya hivi. Chukua dagaa mchele gramu 30 hivi, konzi moja nzuri, kwa lita moja ya maji. Ng'oa vichwa na vitumbo vyeusi, kwa sababu uchungu uko humo. Waloweke usiku kucha. Asubuhi bandika moto mdogo, acha vichemke dakika kama nane, engua povu, chuja. Tia mboga: mchicha, biringani, majimbi yaliyoiva, au vipande vya tofu, yaani maziwa ya soya yaliyoganda. Zikiiva, epua sufuria ndipo ukoroge miso, kijiko kikubwa kimoja kwa kila bakuli. Miso ni soya iliyovundikwa na chumvi na kimea cha ukungu kiitwacho koji, na haipendi kuchemka: ikichemka harufu yake nzuri inapotea. Nyunyiza majani ya vitunguu. Hiyo ndiyo supu ya asubuhi ya mamilioni ya watu, na umetoa mfukoni fedha ya miso tu. Maduka ya vyakula vya Kiasia ya miji mikubwa huwa nayo, na mkebe mmoja hukaa kwenye friji miezi.

Tahadhari mbili. Dagaa wetu wa baharini mara nyingi huchemshwa na chumvi, kwa hiyo wasuuze na upunguze miso. Na dagaa wa Mwanza, au omena kwa wa Kisumu, wanatoa supu nzuri lakini ya ziwa. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili meno yangu yalikutana na mchanga. Wala usidhani mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani utafanya kazi ya kombu. Ule ni wa aina nyingine, huuzwa nje kutengenezea vitu vya kugandishia vyakula na vipodozi. Kombu ni ya kununua.

Safari inakuongezea nini hapa? Tofauti ya miji. Zamani kombu ilitoka Hokkaido kwa mashua za biashara zilizofuata pwani ya magharibi hadi Osaka, kama majahazi yetu yalivyofuata kaskazi na kusi, ndiyo maana mpaka leo mchuzi wa tambi wa Osaka ni mwepesi, wa rangi ya chai ya rangi iliyopoa, umeegemea kombu. Tokyo mchuzi huo ni mweusi, umeegemea katsuobushi na sosi ya soya nzito. Kati ya miji hiyo ni saa mbili na nusu hivi kwa treni ya kasi, kwa hiyo unaweza kunywa wa mji mmoja mchana na wa mji wa pili usiku ukahukumu mwenyewe. Mimi ni wa Osaka.

Wali: nyumbani, ila si kwa mchele wetu

Mchele wa Kyela na pishori ya Mwea ni fahari yetu na sitaki kusikia vinginevyo. Lakini ni mchele wa kunukia na kuchambuka, hauna gundi inayohitajika. Wataalamu wa Kijapani wamefanya kazi na wakulima wa mpunga wa Moshi na Mwea kwa miongo, na mpunga unaovunwa bado ni wa kwetu. Tafuta mchele wa punje fupi nene. Ukiwa Muscat au Dubai una bahati: mchele wa Kimisri uko katika ukoo huohuo na bei yake ni ya kawaida.

Osha maji matatu au manne, loweka nusu saa, pima maji kikombe kimoja na karibu robo kwa kikombe cha mchele. Funika, chemsha, punguza moto dakika 12, epua, na usifunue kwa dakika nyingine kumi. Usitie chumvi. Ukoko ukitokea usihuzunike, nao wana jina lake, okoge, na watoto wao huugombania kama wetu.

Ukishauweza wali huu, onigiri umeiweza: mabonge ya pembetatu yaliyofungwa karatasi ya mwani, ambayo kule huuzwa katika kila duka dogo la saa 24 kwa yeni mia na hamsini, mia mbili hivi. Ndani tia dagaa waliokaangwa bila mafuta hadi wakawa wakavu kabisa, wakazungushwa kwenye sosi ya soya na sukari iliyochemka ikawa nzito, na ufuta juu. Kitu hiki, tazukuri, ni cha heshima. Hukaa ndani ya masanduku ya chakula cha Mwaka Mpya pamoja na vitu vya bei kubwa, na jina lake lina maana ya kutengeneza shamba la mpunga, kwa kuwa zamani dagaa walitiwa mashambani kama mbolea. Mjomba wangu anayesema dagaa si kitoweo cha wageni nilimsimulia hili. Hakuamini.

Pweza: sare

Osaka kuna chakula cha barabarani kiitwacho takoyaki: viduara vya unga uliokorogwa kwa dashi na mayai, katikati kipande cha pweza, vinaokwa kwenye chuma chenye vishimo na kugeuzwa kwa sindano. Duka la Aizuya la hukohuko Osaka ndilo linalotajwa kuwa lilivianzisha, mwaka 1935. Nilisimama mbele ya muuzaji mmoja mtaa wa Dotonbori nikitazama mikono yake, na kitu pekee nilichokuwa nafikiri ni: hiki ni chuma cha vitumbua.

Nilivyorudi nikajaribu. Vishimo vya chuma chetu ni vipana kidogo na si virefu, kwa hiyo usigeuze mara moja kama kitumbua. Geuza robo, ongeza unga pembeni, geuza tena, mpaka duara likamilike. Kijiti cha mishikaki kinatosha kuwa sindano. Uji wa unga uwe mwepesi kuliko unavyodhani: gramu 100 za unga wa ngano, yai moja, na karibu mililita 350 za ile supu ya dagaa. Pweza achemshwe kwanza hadi alainike, na huku kwetu nani wa kukufundisha hilo? Nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi. Majani ya vitunguu, tangawizi, basi.

Je, ni tamu kama za Osaka? Pweza wangu alikuwa bora, nasema bila aibu. Za kule zilizidi kwa ule ulaini wa ndani, unaounguza ulimi hata mtu mzima akaruka, na kwa kula umesimama usiku, taa zikimulika mfereji. Wenyewe Osaka wana neno kuidaore, kula mpaka ufilisike. Ukifika usile mgahawani, kula barabarani. Lakini simama palepale unaponunulia. Kutembea huku unatafuna si tabia inayopendwa.

Samaki mbichi: ngoja ufike

Hapa sina maneno mengi ya faraja. Samaki aliyetoka mnadani asubuhi ni fresh wa kupika, na hilo halimfanyi kuwa salama kuliwa mbichi. Minyoo ya samaki huuawa kwa joto la jiko au kwa baridi kali, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, na friji nyingi za nyumbani hazifiki hapo, achilia mbali umeme unaokatika. Nyumbani pika sushi za tango, yai, kamba wa kuchemsha, au vibua waliochomwa. Mbichi usijaribu.

Halafu kuna ufundi. Sushi ya kukandamizwa kwa vidole tunayoijua leo ni chakula cha haraka cha Tokyo ya karne ya 19, enzi ikiitwa Edo, na mabwana wake hupika mchele kwa miaka kabla ya kuachiwa kisu. Hili halifundishwi na video. Soko la samaki la Tokyo lilihamia Toyosu Oktoba 2018, na hapo ndipo mnada wa jodari wa Januari 2019 ulipofikisha samaki mmoja wa kilo 278 kwenye yeni milioni 333.6. Bei hiyo ni ya kujitangaza, si ya kula. Msafiri mwenye fedha ya kawaida aende kwenye migahawa ambayo sahani hupita mbele yake juu ya mkanda, uvumbuzi wa Osaka wa mwaka 1958. Sahani moja huanzia yeni mia na kitu. Na kama vijiti vinakushinda, sushi ya vidole huliwa kwa mkono, na hakuna atakayekushangaa.

Badala ya hiyo, nyumbani mpike vibua kwa miso. Kata vipande, wamwagie maji ya moto kuondoa shombo, kisha chemsha taratibu na maji, tangawizi nyingi, sukari na miso mpaka mchuzi uwe mzito. Ni kitoweo cha kila nyumba kule na watoto wangu wanakiomba kwa jina.

Tambi na bajia

Rameni ni ya kusafiria. Supu yake huchemka saa nyingi, tambi zinahitaji mashine na maji ya magadi, na kila mji una yake: Sapporo ya miso, Fukuoka ya mifupa ya nguruwe. Udoni, zile tambi nene nyeupe, ni za nyumbani: unga wa ngano, maji, chumvi, na kukanda kwa nguvu. Mtu aliyezoea kukanda chapati ameshavuka nusu ya njia. Mkoa wa Kagawa, ambako ndiko kwenye sifa ya udoni, huweka unga ndani ya mfuko wakaukanyaga kwa miguu.

Tempura ni bajia iliyolelewa kwingine. Ililetwa na Wareno karne ya 16, walewale walioijenga Ngome ya Mombasa kuanzia 1593. Nagasaki walikuwa wameshaanza kufanya biashara mwaka 1571. Nyumbani inawezekana: maji ya barafu, unga usikorogwe sana, mafuta yawe moto sawasawa. Bamia na viazi vitamu hutoka vizuri ajabu. Ila iliwe papo hapo, ikitoka karaini, jambo ambalo mpishi wa nyumbani mwenye wageni sita hataliweza bila kubaki jikoni peke yake.

Kwa asiyekula nguruwe na asiyekunywa pombe

Hapa ndipo nyumbani panashinda kwa mbali, na wanaoandika kuhusu chakula hiki wanapita haraka. Pombe imejificha mahali pengi. Mirini, ile sharubati inayotoa mng'ao kwenye vitoweo, ina kilevi karibu asilimia 14. Sake, pombe ya mchele, hutiwa kwenye samaki kuondoa shombo. Miso nyingine huongezwa kilevi ili isiendelee kuvunda. Hata sosi ya soya ya asili huwa na kiasi kidogo kinachotokana na kuvunda kwake, na hapo wanazuoni wana maoni tofauti, muulize unayemwamini. Vibonge vya mchuzi wa kare mara nyingi vina mafuta ya wanyama. Jikoni kwako unasoma lebo, unachagua. Mirini unaibadilisha kwa sukari na maji kidogo, shombo unaiondoa kwa tangawizi. Kare yenyewe, iliyofika kwao kupitia Waingereza zama za mfalme Meiji, karne ya 19, na ambayo jeshi lao la majini huila kila Ijumaa, unaitengeneza kwa bizari, unga uliokaangwa kwa samli, karoti na viazi. Ni mchuzi mzito tu, mtamu kidogo.

Safarini mambo ni magumu. Nilikula tambi katika duka moja dogo kwa sababu picha ukutani ilikuwa ya samaki. Siku ya tatu mwenzangu wa mafunzo akanisomea ubao: samaki alikuwa juu, chini ilikuwa supu ya mifupa ya nguruwe. Kosa langu, sikuuliza. Tangu hapo nilihifadhi kwenye simu alama mbili, 豚 ya nguruwe na 酒 ya pombe, na sentensi moja iliyoandikwa na mwenyeji inayosema nisivyokula. Wahudumu waliisoma kwa makini, wakaenda jikoni kuuliza, mara nyingine wakarudi na kuinama wakisema samahani, hatuwezi. Hilo niliheshimu.

Si kwamba utalala njaa. Tokyo kuna msikiti mkubwa wa Tokyo Camii karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara, jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2000, na pana duka la vyakula halali. Kobe kuna msikiti wa tangu 1935. Osaka na Tokyo kuna migahawa ya rameni halali siku hizi. Lakini ukiwa mji mdogo, tegemea wali, samaki wa kuchoma kwa chumvi, mayai na matunda.

Kinywaji kimoja niwadokeze: amazake. Wali huchanganywa na koji, huwekwa pa joto, na baada ya saa kadhaa unakuwa mtamu bila sukari na bila kilevi. Mnywaji wa togwa ataitambua mara moja, maana kazi ni ileile ya kimea kugeuza wanga kuwa utamu. Ila ipo pia inayotengenezwa kwa makapi ya sake, na hiyo ina pombe. Uliza kabla.

Mlima Koya: hapa nauli inalipa

Kama ningeruhusiwa kumpa mtu siku mbili tu Japani, ningempeleka Koyasan, mkoa wa Wakayama, si Tokyo. Ni mji wa mahekalu ya Kibuddha juu ya mlima, ulioanzishwa na mtawa Kukai mwaka 816, na mahekalu yapatayo hamsini hulaza wageni. Chakula chao, shojin ryori, hakina nyama, hakina samaki, hakina hata kitunguu wala kitunguu saumu. Tusisahau kwamba nyama ya ng'ombe wanayosifiwa nayo leo ni jambo jipya kwao: mfalme Tenmu alipiga marufuku nyama za wanyama kadhaa mwaka 675, na mfalme Meiji alipoila hadharani mwaka 1872 ilikuwa habari kubwa.

Unaletewa trei za miguu mifupi. Majimbi yaliyochemshwa yakabaki meupe. Mboga za kuvundika. Tofu iliyogandishwa ikakaushwa, inayonyonya supu kama sponji. Na kitu kinachoitwa gomadofu, ambacho si tofu bali ufuta uliosagwa mpaka ukawa maziwa, ukapikwa na wanga wa mizizi hadi ukaganda. Ni laini kama kaimati ya ndani, na ladha yake inakuja pole pole. Japani huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni mmoja wa wauzaji. Nilikaa nikitafuna nikijiuliza kama ule ulikuwa umetoka Lindi.

Kwa nini usiipike nyumbani? Gomadofu inawezekana, nimeipika kwa wanga wa mahindi, ikafaa. Usichoweza kukileta ni baridi ya mlimani, sakafu ya mikeka, na mtawa kijana anayepanga vibakuli saba kwa namna ambayo kila kimoja kinaonekana peke yake. Majira nayo huwezi kuyaleta. Wajapani wana neno shun, wakati ambapo kitu kimefikia utamu wake: chipukizi za mianzi majira ya kuchipua, samaki sanma Septemba na Oktoba. Mvuvi wa kwetu anajua pia samaki gani wa kusi na gani wa kaskazi, lakini sisi hatujaliandikia menyu.

Adabu: jizoeze nyumbani usije ukatahayari

Mambo machache yafanye desturi kabla ya kupanda ndege. Vijiti usivisimamishe ndani ya wali, na usimpitishie mwenzako chakula kutoka vijiti vyako hadi vyake. Yote mawili ni ya mazishi. Kabla ya kula husema itadakimasu, napokea kwa unyenyekevu, na baada ya kula gochisosama. Nami nilikuwa nasema Bismillahi kimoyomoyo kabla na Alhamdulillahi baadaye, na hatukuwahi kupishana. Tambi huvutwa kwa sauti, jambo ambalo bibi yangu angenichapa kwalo. Bahashishi hakuna, ukiacha fedha mezani watakukimbilia kukurudishia.

Kilichonisumbua zaidi ni upweke wa bakuli. Sisi tunazunguka sinia, mkono wangu unakutana na wa ndugu yangu. Kule kila mtu ana trei yake, na mgeni anayepita hakaribishwi "karibu tule". Wiki ya kwanza niliona ni uchoyo. Baadaye nikaona mama niliyepanga kwake alijua bakuli lipi ni langu kwa rangi, na alipunguza chumvi yangu bila kuambiwa.

Fedha na mpangilio

Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza, na safari hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Nauli na viza ndizo zinazouma. Ukishafika, kula si ghali kama watu wanavyotishwa: bakuli la rameni ni yeni 1,000 hivi, na bakuli la wali na nyama nyembamba za ng'ombe karibu nusu yake. Kinachokausha mfuko ni mlo wa kaiseki, ule wa sahani nyingi ndogo unaoweza kufika makumi ya maelfu ya yeni kwa mtu mmoja. Mimi sikuufikia.

Kwa hiyo kama huna nauli mwaka huu, nunua miso, sosi ya soya, siki ya mchele na kilo mbili za mchele wa punje fupi. Pika supu ya dagaa mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Mtu aliyefanya hivyo akifika Osaka ataonja vitu ambavyo mwenzake atavipita. Kama nauli unayo na kupika hukupendi, nenda tu, ila ukalale Koyasan na ule sushi Tokyo, na onigiri za asubuhi zinunuliwe dukani. Na kama una watoto wadogo, anzeni na takoyaki nyumbani Jumamosi. Kugeuza viduara ni mchezo, na nusu ya unga utaishia mezani.

Wakati wa kurudi, begi langu lilikuwa na kombu kavu, pakiti tatu za katsuobushi, na chupa moja ya sosi ya takoyaki niliyoifunga kwa soksi mbili. Kwenye duka la vyombo nilikaa nusu saa mbele ya chuma cha takoyaki, kizito, cheusi, bei yake ya kuumiza. Mwenzangu akanikumbusha kwamba nina kama hicho jikoni, tena cha marehemu bibi. Nikakirudisha rafuni.